Kiinua mgongo cha mbwa wa ghala

Jina lake ni Mtanikoma. Huku kwetu Katoro mbwa hapewi jina hivi hivi. Jina la mbwa ni salamu kwa majirani, na aliyempa huyu jina alikuwa akiwasalimu wezi wa mahindi. Wiki hii Mtanikoma aliletwa kwenye chanjo ya kichaa cha mbwa akiwa amepakiwa kwenye pikipiki, kiwiliwili ndani ya gunia, kichwa nje. Hakuletwa kuchanjwa. Kijana wa dukani aliyetumwa naye alimshusha chini ya mwembe, akamgeukia bwana mifugo akasema: "Shikamoo mzee. Huyu bosi kasema mbaki naye. Hana kazi tena."

Akamfungua mbwa, akalikung'uta gunia, akalikunja vizuri, akalifunga nyuma ya pikipiki na kuondoka. Gunia bado lilikuwa na kazi.

Nilikuwa pale kwa shughuli nyingine kabisa, nimempeleka mtoto wa ndugu yangu na mbwa wao mdogo. Ukiwahi kuhudhuria chanjo ya namna hii unajua inavyokuwa: watoto ndio wenye mbwa, wengine wamewafunga kwa kamba za katani, wengine kwa vipande vya khanga, mmoja amemvuta wake kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mbwa wanabwekeana, bwana mifugo kainama juu ya kisanduku chake cha barafu, na kuna mtu mzima mmoja asiye na mbwa ambaye kazi yake ni kupiga kelele za kupanga foleni. Katikati ya vurugu hiyo Mtanikoma alisimama pale pale aliposhushwa, kana kwamba bado amefungwa.

Nikamwangalia kwa karibu. Mdomo wote una mvi. Macho yana utando wa kibuluu. Shingoni kuna mzunguko usio na manyoya, ngozi imekuwa ngumu na nyeusi, ndipo mnyororo ulipokaa miaka yote hiyo. Meno ya mbele yamesagika hadi kwenye fizi kwa kutafuna chuma. Bwana mifugo aliponyanyua mkono kujifuta jasho, mbwa yule akajibwaga chini, tumbo likagusa vumbi, akajikojolea. Watoto wakapasuka kwa kicheko: "Mtanikoma kakojoa!" Watu wazima nao wakacheka. Mmoja akasema mbwa gani huyu, mwoga kuliko kuku.

Watoto siwalaumu. Kilichonikaa rohoni wiki nzima ni yale maneno mawili ya watu wazima, kwamba mbwa huyu hana kazi na kwamba ni mwoga, kana kwamba kazi ilimwisha yenyewe na woga alizaliwa nao.

Tuanze na woga, maana mji huu unaujua vizuri ulikotoka. Mbwa wa ghala, wa yadi ya mbao au wa mwalo wa kuoshea dhahabu anafundishwa ukali kwa njia ambazo wengi wetu tumeziona na wengine tumezitumia. Mchana kutwa anafungwa mnyororo mfupi juani. Ugali wake unatiwa pilipili, na wapo wanaoapa kwamba nyigu waliosagwa wakichanganywa humo humo ndio dawa yenyewe. Kisha anachokozwa kwa fimbo na watu asiowajua, ili amchukie kila asiyemjua. Matokeo tunayaita ukali. Ukweli ni kwamba mbwa anayerukia kila kivuli kinachopita getini, mara nyingi ni mbwa anayeogopa. Akiwa kijana mwenye meno, hofu humpeleka mbele, na tunamsifu. Akizeeka, hofu ile ile humrudisha nyuma, na tunamcheka. Mtanikoma hakugeuka kuwa mwoga uzeeni. Kilichozeeka ni meno.

Na uzee wenyewe unaongeza. Mbwa mkongwe husikia kwa shida, viungo vinamuuma, mtoto wa jicho anamzibia. Mkono unaotua mgongoni mwake bila yeye kusikia hatua za mtu unamshtua, na akishtuka anaweza kuuma. Hapo ndipo linapotolewa neno baya kuliko yote: ana kichaa. Neno hilo likishatamkwa sokoni, mawe hayachelewi. Bwana mifugo aliwaeleza waliokuwa pale jambo ambalo ningependa libandikwe kila kilabu cha pombe hapa mjini, kwamba mbwa mwenye kichaa kweli kweli, dalili zikishaanza, hafiki mbali. Kwa kawaida ndani ya siku 10 anakuwa ameshakufa. Mbwa ambaye umekuwa ukimwona akiogopa tangu masika ya mwaka jana, huyo anaumwa uzee, na pengine anaumwa wewe.

Najua kuna msomaji ambaye hapa keshakunja uso. Ananiambia: mwandishi, watoto hawana madawati, zahanati haina dawa, wachimbaji wanafukiwa na vifusi, wewe unatujazia gazeti habari za mbwa. Hoja hiyo naisikia kila mara ninapoandika juu ya kitu kisicho na kura. Nimjibu kwa lugha yake, basi, lugha ya watu. Kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Wanaoumwa kwa wingi ni watoto. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakatika. Sasa niambie, mbwa anayepakiwa kwenye gunia usiku na kwenda kutupwa kwenye pori la njia ya Bwanga au pembeni ya machimbo, nani atampeleka kwenye chanjo mwakani? Atakutana na nani kwanza kama si mtoto anayekwenda kuchota maji?

Na machimbo ndiyo yanayonipa picha kamili. Rashi ya dhahabu ikitangazwa mahali, watu wanahamia kwa maelfu, maturubai yanaota, na kila mwenye duara la kuchimbia au karasha la kusagia mawe anatafuta mbwa wa kumlindia mawe yake usiku. Dhahabu ikikata, maturubai yanakunjwa, mashine zinapakiwa, hata nguzo zinang'olewa. Mbwa wanabaki. Pita kwenye machimbo yaliyohamwa utawaona wamelala juu ya vifusi, wanakunywa kwenye madimbwi ya mwalo yenye zebaki, wanasubiri mtu ambaye keshahamia machimbo ya Chunya.

Msomaji wa pili ananiambia haya ni mambo ya wazungu. Vituo vya kulelea mbwa, mbwa mstaafu, mbwa mwenye msongo wa mawazo! Kweli, sehemu ya historia ni hiyo: Nairobi chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kilianza mwaka 1910, enzi za walowezi. Lakini leo Dar es Salaam kuna chama cha ustawi wa wanyama kiitwacho TAWESO, kinachoongozwa na daktari wa mifugo Mtanzania, Thomas Kahema. Pale Usa River, Arusha, kuna kituo kinachopokea mbwa walioachwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tuliipitisha wenyewe, mwaka 2008, bungeni kwetu. Na kabla ya hayo yote, Muislamu amefundishwa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Mkristo akifungua Mithali atakuta mwenye haki akisifiwa kwa kuujali uhai wa mnyama wake. Hapo mzungu kaingilia wapi?

Lakini mfano ninaoupenda zaidi unatoka Morogoro, nao ni wa panya. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Morogoro wa mwaka 2013, alipelekwa Cambodia, akanusa mabomu na vilipuzi zaidi ya 100. Mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Mwaka 2021 walipoona amechoka, anatembea polepole, walimstaafisha. Hawakumfukuza. Alikula ndizi na karanga zake hadi alipokufa Januari 2022. Wenzake wa Morogoro nao wakizeeka wanatunzwa vivyo hivyo. Panya! Mnyama ambaye sisi wengine tunamwekea mtego chini ya kitanda, ana utaratibu wa kustaafu, na mbwa aliyelinda magunia ya mtu usiku wa mvua na usiku wa mwezi hana.

Sisemi kila mtu ampende mbwa. Mimi mwenyewe si mtu wa mbwa. Nyumbani kuna mbuzi, na nikiri mbuzi wananitosha. Hoja yangu haihusu mapenzi. Tajiri anapoweka mbwa getini anaajiri. Anaokoa mshahara wa mlinzi wa pili, anaokoa kufuli zilizovunjwa, analala usingizi. Miaka ya mwisho, ile ya kulala kivulini na kubweka ovyo, ni sehemu ya bei ya miaka ya kwanza. Gharama yake ni ugali wa dona, dagaa kidogo au furu, na maji safi. Mama ntilie wa stendi anamwaga zaidi ya hapo kila jioni.

Kwa sasa Mtanikoma yuko kwa bwana mifugo, nyuma ya banda la kuku. Mnyororo hana, lakini haendi mbali kuliko urefu wa mnyororo aliouzoea. Mama mwenye nyumba amegundua kwamba akimwekea chakula na kukaa naye chini, akimpa ubavu badala ya kumkazia macho, anakula. Akisimama juu yake, hali. Bwana mifugo hana kituo wala bajeti ya kituo. Ana mshahara wake na watoto wanaosoma. Wakiletwa Mtanikoma watano zaidi, sijui tutamwambia nini.

Bosi nimekutana naye. Si mtu mbaya, tena alinikaribisha soda. Nilipomuuliza alishangaa kweli kweli: "Ndugu mwandishi, wengine wanawatupa porini, wengine wanawapiga rungu. Mimi si nimempeleka serikalini?" Nikamwambia serikali haikulindiwa hata debe moja la mahindi. Akacheka, akasema hilo ni kweli, akaendelea kuhesabu magunia.

Basi nimweleze hapa, maana najua gazeti hupitia dukani kwake. Mbwa akizeeka abaki kwenye ua alioulinda, mbali na mlango wa magari, penye kivuli. Akikosa kabisa nafasi, amtafutie mtu wa kumpokea na ampelekee na unga. Na kama daktari atasema maumivu hayatibiki, ipo sindano ya kumlaza asiamke. Mimi siioni kuwa dhambi. Ila siku hiyo aje bosi mwenyewe, asitume kijana na gunia. Ashike kamba yeye, amwite mbwa kwa jina alilompa, akae chini kama anavyokaa yule mama, mpaka shughuli iishe. Na dawa alipe yeye.