Kioo, Akriliki na Haki ya Samaki

Mtu mwenye wasaa aliyeazimia kuweka sebuleni mwake tangi la samaki la lita elfu moja, yaani tani nzima ya maji kabla ya kuhesabu mchanga na mawe, aghalabu huanza kwa kuuliza ni ukuta gani utakaomwonyesha samaki kwa uzuri zaidi, wa kioo ama wa akriliki. Na swali hilo, ijapokuwa si baya, limemtanguliza mtazamaji na kumsahau mtazamwa.

Suala la kumfunga kiumbe hai kwa ajili ya kujifurahisha si geni katika fikihi. Wapo maulamaa walioliruhusu kwa kutegemea hadithi ya Abu Umair, mtoto wa Madina aliyekuwa na kidege cha kuchezea, ambaye Mtume hakumkemea kwa kukifuga bali alimliwaza kilipokufa. Lakini ruhusa hiyo imefungwa kwa sharti zito, kwani imepokewa pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwachie akajitafutie riziki. Baina ya hadithi hizo mbili ndipo asimamapo kila mwenye tangi. Samaki aliyevuliwa katika miamba ya pwani ya Kenya akasafirishwa kwa ndege hadi Ulaya hana tena pango la kujifichia wala mkondo wa kuukimbilia, na yale yote aliyokuwa akitendewa na bahari sasa yamo katika dhima ya mwenye nyumba, ukuta ukiwa miongoni mwayo.

Kioo ni kigumu, hukwanguliwa uchafu wa kijani kwa wembe miaka na miaka kisichakae, na bei yake ni nafuu; walakini uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya akriliki ya ujazo ule ule, na kikipigwa hakina subira. Akriliki hustahimili pigo, nayo hupitisha nuru kiasi cha asilimia 92, bila ule ukijani ambao chuma hukitia kioo cha kawaida. Ila punje moja ya mchanga iliyonaswa katika sifongo yatosha kuikwaruza, na mikwaruzo ikizidi, samaki huonekana kama yumo ndani ya moshi.

Basi aibu hizi mbili na zipimwe kwa kuuliza ni nani azibebaye. Mkwaruzo humwudhi aliye nje; ufa humwua aliye ndani. Kwa hiyo mimi, katika nyumba yenye watoto na mpira, ningechagua akriliki, na gharama yake ningeihesabu kuwa ni haki ya mahabusu wala si israfu. (Tangi dogo la mezani halihitaji mjadala: kioo chatosha.)

Hata hivyo asijidanganye mtu kwamba akriliki humwondolea dhima. Alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022, tangi kubwa la AquaDom lililokuwa ndani ya hoteli mjini Berlin, la akriliki, lenye lita milioni moja, lilipasuka, na katika samaki wapatao 1,500 wakafa karibu wote. Bilkisi, malkia wa Sabaa, alipoingia katika kasri ya Nabii Sulaiman alikidhania kioo kuwa ni maji. Sisi tumepatwa na kinyume chake, twayatazama maji hata tukasahau kwamba kuna ukuta uyazuiao. Na ukuta huo haupumziki: wenye urefu wa mita mbili na maji ya kina cha sentimita 60 husukumwa usiku na mchana kwa nguvu ilingananayo na uzito wa kilo 360. Asiyemudu unene unaostahili, na apunguze kina, maana kina kikiwa nusu, msukumo wote juu ya ukuta huwa robo, na samaki wengi huhitaji nafasi ya kuogelea kwa urefu kuliko ya kuzama.