Haki ya Mgonjwa na Haki ya Amuuguzaye

Sifa njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ijulikane, ndugu Waislamu, ya kuwa kumuuguza jamaa ni ibada. Mwaka wa 2 wa Hijra (624), Mtume (S.A.W.) alipotoka kwenda Badr, Sayyidna Uthman bin Affan alibaki Madina kwa amri yake, amuuguze mkewe Ruqayya, binti Mtume. Ruqayya alifariki katika ugonjwa ule. Na Uthman, ambaye hakushika upanga siku ile, alipewa fungu lake la ngawira na kuahidiwa thawabu za aliyehudhuria vita. Kadhalika wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema kwamba mwenye kumuuguza mgonjwa asiye na mwangalizi mwingine ana udhuru wa kuacha hata sala ya Ijumaa, akasali Adhuhuri.

Walakini maradhi si namna moja, wala mizigo yake si mmoja. Aliyepooza kwa kiharusi hana budi kulishwa, kutwaharishwa na kugeuzwa kila saa 2, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulalia. Mwenye kisukari ataka macho juu ya chakula chake na nyayo zake. Mzee aliyepotewa na akili huuliza neno lile lile mara 20, na pengine humtukana yule yule amlishaye. Na mtoto aliyezaliwa na kilema, mamaye hambebi mwaka mmoja, bali umri.

Katika vijiji vya milima ya Upare, kama Shighatini, mizigo hii mara nyingi humwangukia mwanamke mmoja, naye pengine ni mkaza mwana. Wana wenyewe wamo Moshi au Dar es Salaam. Hupeleka fedha, wakidhani wamekwisha. Nao wamesahau mambo mawili. Kwanza, nafaka ya wazazi mafakiri ni faradhi juu ya watoto wenye uwezo, waume kwa wake. Mkaza mwana hakulazimishwa na sharia, na alitendalo ni hisani, lastahiki shukrani wala si amri. Pili, fedha haimgeuzi mgonjwa usiku wa manane. Surat Al-Israa, aya ya 23, imemkataza mtoto hata kuguna mbele ya mzazi aliyezeeka. Basi asiyemwona mzazi wake mwaka mzima, vipi ajisifu kwamba hajaguna?

Wapare wana desturi njema ya msaragambo: watu hutoka pamoja wakachimba mfereji au wakatengeneza njia, wala haachiwi mtu mmoja jembe. Yapasa kitanda cha mgonjwa kifanywe vivyo hivyo. Ndugu wagawane siku. Aliye mbali aje katika likizo yake ampumzishe aliye karibu. Jirani alete kuni na maji. Na amuuguzaye akisema amechoka, asiambiwe hana imani, kwani dini haikumtwika mtu lililo juu ya uwezo wake. Amwachaye peke yake amedhulumu wawili: mgonjwa, atakayeshikwa na mikono iliyochoka, na muuguzaji, ambaye kesho huenda akalala kitanda cha pili.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, awape nguvu wenye kuwauguza, na awarudishe nyumbani waliojitenga na wazazi wao. Amin.