Jenga Ukingo Kabla Mtoto Hajaanguka

Somo: Kumbukumbu la Torati 22:8. Soma pia Kutoka 21:33-34 na 2 Samweli 4:4.

Kama hukuwa nasi Jumapili iliyopita kwa sababu ya kazi, ugonjwa au safari, hili ndilo neno tulilolishiriki. Na kama ulikuwepo, soma tena, maana niliona wengine wakisinzia nilipofika kwa Musa.

Sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati ni sura ya ajabu. Inaanza na ng'ombe aliyepotea, inapita kwa kiota cha ndege, na kabla hujajua uko wapi imefika kwa fundi wa nyumba. Mungu anasema ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka paa, ili mtu akianguka kutoka huko damu yake isiwe juu ya nyumba yako. Nimeokoka miaka mingi na sijawahi kusikia mstari huo ukihubiriwa kwa crusade. Hauna mapepo ndani, hauna utajiri.

Paa za Waisraeli zilikuwa bapa. Rahabu alianika mabua ya kitani juu ya paa lake na akawaficha wapelelezi humo. Petro alipanda juu ya paa kuomba saa sita mchana. Huko ushago tuna mabati yaliyoinama, hakuna mtu analala juu yake. Lakini ukiishi Kayole, Githurai au Pipeline unaelewa Musa mara moja. Pale juu ya ploti tunapoanika nguo ndipo watoto wanapocheza Jumamosi, kwa sababu chini hakuna uwanja. Wanakimbizana kati ya kamba za nguo, na ukuta wa pembeni unafika magotini mwa mtu mzima.

Angalia amri inakuja saa ngapi. Haisemi mtu akianguka tuite wazee wafunge siku tatu. Inasema ukijenga, yaani mtu wa kwanza hajahamia bado na tofali la ukingo linadaiwa. Na angalia damu inawekwa wapi. Mungu haulizi aliyeanguka alikuwa anatafuta nini pale pembeni. Anamuuliza mwenye nyumba. Sisi mtoto wa miaka miwili akiungua tunamwambia, "Si nilikukataza?" Mtoto wa miaka miwili hajui hata kesho ni nini.

Sasa niruhusu nitoe ushuhuda ambao wengi wenu mmeusikia, lakini leo nautoa wote.

Miaka mingi iliyopita, kabla ya kanisa hili, tulikuwa tunaishi chumba kimoja. Kijana wetu wa pili alikuwa ametimiza miaka miwili tu. Ijumaa moja jioni nilienda dukani kupimiwa mafuta taa ya stovu. Sikuwa na mtungi, nikachukua chupa ya soda iliyokuwa mezani. Niliporudi nikaiweka chini karibu na stovu, nimeziba mdomo kwa karatasi ya nailoni, nikafungua Biblia kujitayarisha kwa kesha. Mama yake alikuwa sokoni. Mtoto alishikwa na kiu. Chupa ile aliijua. Wiki iliyotangulia kulikuwa na sherehe ya dada yake, na alikunywa soda kutoka kwa chupa kama hiyo hiyo.

Nilisikia kikohozi. Nikageuka, nikasikia harufu mdomoni mwake. Majirani wakajaa. Mmoja alileta maziwa, akasema maziwa yanaua sumu. Mwingine alimtia kidole kooni atapike, na kweli akatapika. Mimi nilikuwa nakemea. Nilikemea mpaka ploti nzima ikasikia, lakini gari la kwenda hospitali lilitafutwa na jirani mmoja ambaye hakuwa anasema neno.

Daktari aliuliza swali moja tu, nani amemtapisha? Halafu akatufundisha jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue. Mafuta taa yakiwa tumboni si mabaya kama yakiingia kwa mapafu. Ni mepesi na yanateleza. Mtoto akitapishwa, au akilazimishwa kunywa kitu huku anakohoa, yanaingia njia ya hewa na kuunguza mapafu, na hapo unapata nimonia. Kwa hivyo mtoto akinywa mafuta taa usimtapishe. Usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, umkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima, na ubebe ile chupa daktari aione.

Alilazwa siku nne, akiwekewa oksijeni. Bwana alimponya, na leo ni baba wa watu. Haleluya.

Lakini nisikilize vizuri. Ushuhuda huo nimeutoa kwa madhabahu nyingi. Nilikuwa nasema shetani alitaka kummaliza mwanangu usiku wa kesha kwa sababu alijua nitahubiri. Watu walipiga makofi. Sikuwahi kutaja chupa. Mama Mchungaji ameketi pale mbele miaka hiyo yote akinisikiliza na hakuniaibisha hata siku moja. Majuzi tukiwa tunakunywa chai aliniuliza polepole kama ni shetani aliyeenda dukani.

Nilikosa jibu. Wapendwa, mafuta yale niliyanunua mimi. Ile chupa niliichukua mimi, na mimi ndiye niliyeiweka pale chini.

Sisemi adui hayuko. Yuko, na tunapigana naye kwa maombi. Kila asubuhi funika watoto wako kwa damu ya Yesu kabla hawajavuka barabara ya matatu, na mimi pia nitawafunika wangu. Ninachosema ni kwamba tumemfanya shetani kuwa pipa la takataka, tunatupa ndani hata makosa ya mikono yetu. Na kosa ambalo umelitupa kwa shetani hutalirekebisha. Nyumbani kwangu chupa za soda ziliendelea kuwekwa mafuta taa kwa karibu mwaka mzima baada ya hapo. Ndiyo, hata baada ya hospitali. Kwa nini nibadilishe chupa kama tatizo lilikuwa pepo?

Kuna mtu ananiambia, Pasta, imani yako imepungua, Zaburi ya 91 inasema malaika watatulinda. Amina, inasema. Sasa nenda Mathayo sura ya 4 uone nani mwingine anaijua Zaburi hiyo. Shetani alimsimamisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, mahali ambapo hakuna ukingo, akamnukulia maneno hayo hayo ya malaika ili aruke. Yesu hakubisha kwamba malaika wapo. Alikataa kumjaribu Mungu. Ukiacha sufuria ya chai ukingoni mwa meza ukasema malaika wako zamu, hebu jiulize hiyo sauti umeitoa wapi.

Tuingie basi ndani ya nyumba zetu. Sitaingia kila chumba.

Chai na maji ya kuoga ya moto vinaunguza watoto wengi. Mkono wa sufuria uelekee ukutani. Chupa ya chai isiwekwe juu ya kitambaa ambacho mtoto akikivuta kinakuja chote. Akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, mtoto analia, majirani wanapiga kelele, lakini endelea, na umwangalie asipatwe na baridi mwili mzima. Usipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta ya upako. Nimesema hata mafuta ya upako. Mpake kwenye paji la uso mkiwa njiani kwenda hospitali.

Ndoo ya maji. Mtoto anayejifunza kusimama kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwa ndoo hawezi kujitoa, na maji machache tu yanatosha. Tena hapigi kelele. Kwa mitaa yetu ya mgao wa maji, ambapo kila chombo kimejazwa, hili ni jambo la kila siku. Funika ndoo, na beseni la kufulia limwage ukimaliza.

Mwezi wa saba kukiwa na baridi usiingize jiko la makaa chumbani ukafunga dirisha mkalala. Ile hewa ya sumu haina harufu wala rangi, na haimwamshi mtu.

Na hapa kanisani, nimeona mtoto amepewa sarafu ya sadaka ashike, anainyonya tangu sifa mpaka matangazo. Mwingine ana miaka miwili na amepewa njugu karanga ili anyamaze Pasta ahubiri. Njugu nzima kwa mtoto ambaye hajafika miaka mitano inaweza kumziba pumzi. Afadhali apige kelele. Mimi nimezoea kelele, na Paulo alikuwa na Eutiko aliyelala dirishani kwenye mahubiri marefu akaanguka kutoka orofa ya tatu. Alifufuliwa, ashukuriwe Mungu, lakini tukiwa na kesha, wazazi, msilaze watoto kwenye madirisha ya huku juu.

Jambo lingine nitalisema kwa ufupi kwa sababu ni zito na litapata Jumapili yake. Mtoto akisema hataki kuachwa na mtu fulani, hata kama huyo mtu ni mjomba, ni mwalimu au ni mhudumu wa kanisa, usimwambie anyamaze. Keti chini umsikilize. Nambari 116 ya Childline inapigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Nilipofika hapa Jumapili niliona mama mmoja ameinamisha kichwa, nikajua kwa nini. Tuna wazazi hapa ambao mtoto alianguka na hakuamka. Mama, baba, sikuhubiri ili mwondoke na jiwe kifuani. Fungueni 2 Samweli 4. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya wake alimbeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kiwete. Yule yaya alimpenda. Alikuwa anamwokoa. Biblia haimlaani, na haijaficha kwamba mtoto aliangukia mikononi mwake. Miaka baadaye Daudi alimwita Mefiboshethi akala mezani pa mfalme siku zote, na sura ya 9 inafunga kwa kutukumbusha kwamba miguu yake yote miwili bado ilikuwa na kilema. Neema ilimfikia mezani, na miguu ikabaki vile. Mimi huwa nasoma mstari huo polepole. Mliobeba uchungu wa namna hiyo njooni tuombe, na msije na visingizio vya shetani wala na hukumu. Mlango wa ofisi uko wazi Jumatano mchana.

Na sasa shimo. Kutoka 21 inasema mtu akichimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Kama Mungu anadai hesabu ya punda, unafikiri kwa mtoto atasemaje?

Nyuma ya kanisa letu kuna shimo la vyoo vipya. Lina kina cha zaidi ya futi 12, na tangu mchango ulipoisha limefunikwa kwa bati moja na mawe mawili. Shule ya Jumapili inafanyika hatua chache kutoka hapo. Nimelipita mara ngapi nikienda ofisini? Wiki mbili zilizopita niliona bati limesogea. Nikalirudisha kwa mguu nikaenda zangu kutayarisha mahubiri, haya haya ya ukingo.

Baada ya ibada nilienda na wazee kuliangalia. Msichana mdogo wa darasa la pili alitufuata akatuonyesha jinsi bati linavyoinuliwa ili mawe yasianguke. Watoto wote wanajua, alisema. Huwa wanatupa kokoto wasikilize zinachukua muda gani kufika chini.

Kwa hivyo Jumamosi hii saa mbili asubuhi, wanaume na vijana, njooni na nyundo, misumari na misumeno. Mbao zimenunuliwa. Tutaweka mfuniko wa kudumu na uzio kuzunguka shimo lote, kisha tutapanda juu kuongeza vyuma vya roshani. Fedha zimetolewa kwa mfuko wa spika mpya, na kiongozi wa sifa amekubali, ingawa si kwa furaha. Akina mama wa jikoni wameahidi chai na mandazi. Mpaka kazi hiyo iishe Shule ya Jumapili itakuwa ndani ya kanisa kubwa pamoja na kelele zake zote, na mimi nitahubiri hivyo hivyo.