Kombe la 1988 ni la Nani?

Tarehe 14 Mei 1988, katika uwanja wa Wembley, Dennis Wise alipiga mpira wa adhabu, Lawrie Sanchez akaukuta kwa kichwa, na Wimbledon wakatangulia mbele ya Liverpool, mabingwa wa ligi wa msimu ule. Kipindi cha pili kipa Dave Beasant alipangua penalti ya John Aldridge, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika fainali yoyote ya Kombe la FA iliyochezwa Wembley. Mchezo ukaisha 1-0, na Beasant, ambaye ndiye aliyekuwa nahodha, akapanda ngazi kulipokea kombe. Hayo hayana ubishi. Ubishi upo kwenye swali linaloonekana la kitoto mpaka mtu ajaribu kulijibu: klabu iliyolitwaa kombe hilo iko wapi leo? Kwa miaka kadhaa palikuwa na timu mbili zenye madai juu yake. Moja ilikuwa Milton Keynes, mji ulio kilomita 90 hivi kutoka Wimbledon, ikiwa na nafasi katika ligi, mkataba na baraka za wakubwa wa soka. Nyingine ilikuwa inahangaika daraja la tisa, katika uwanja wa kupanga.

Fumbo lenyewe ni la kale kuliko mpira. Plutarch anasimulia kwamba Waathene walilihifadhi jahazi la Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, hadi wanafalsafa wakagawanyika: wapo waliosema ni jahazi lilelile, wapo waliosema ni jingine. Katika karne ya 17 Mwingereza Thomas Hobbes akalitia ugumu zaidi. Tuseme, alisema, kuna mtu aliyekuwa akiziokota mbao kuukuu zote, kisha akaziunganisha upya kwa mpangilio wake wa awali. Sasa majahazi ni mawili. Lipi la Theseus? Hobbes alikuwa anachokoza akili za wasomi. Haikumpitikia kwamba nchi yake ingekuja kuunda kamati ya watu watatu, iketi mezani na kulitenda fumbo hilo kwa klabu halisi yenye mashabiki halisi.

Ili tujue kilichogawanywa, lazima tujue kilichokuwapo. Klabu ilianzishwa mwaka 1889 kwa jina la Wimbledon Old Centrals, ikaishi miaka mingi miongoni mwa timu za ridhaa kusini mwa London. Mwaka 1963 ilitwaa Kombe la FA la timu za ridhaa kwa kuifunga Sutton United 4-2, na mabao yote manne yalifungwa kwa kichwa na mtu mmoja, Eddie Reynolds. Mwaka 1975, ikiwa bado nje ya ligi kuu za kulipwa, iliitoa Burnley ya daraja la kwanza kwenye uwanja wa Burnley wenyewe, kisha ikawabana Leeds, mabingwa wa nchi, kwa sare ya 0-0 siku ambayo kipa Dickie Guy aliokoa penalti ya Peter Lorimer. Iliingizwa kwenye ligi mwaka 1977, na kufikia 1986 ilikuwa daraja la juu kabisa. Mshambuliaji Alan Cork alifunga katika madaraja yote manne akiwa na jezi hiyohiyo. Kisha likaja kundi la akina Vinnie Jones, aliyetoka kubeba matofali kwenye majengo, na John Fashanu, na Wise. Magazeti yakawaita genge la vichaa, nao wakalipenda jina hilo kupita kiasi. Soka lao halikuwa la kupendeza, na si haki kulipamba kwa sababu tu mambo yaliyofuata yanatia huruma. Walirusha mipira mirefu, walicheza kwa viwiko, na wapinzani waliichukia safari ya kwenda kwao. Lakini walikuwa wao, na majirani zao waliwajua kuwa ni wao.

Uwanja wao wa Plough Lane haukuweza kutimiza masharti mapya ya viti yaliyowekwa baada ya maafa ya Hillsborough ya 1989, kwa hiyo mwaka 1991 wakaenda kupanga Selhurst Park, kwa Crystal Palace. Upangaji uliokusudiwa kuwa wa muda ukawa wa miaka mingi. Timu ikashuka daraja mwaka 2000. Mwaka uliofuata wamiliki wakatangaza kuihamishia Milton Keynes, na tarehe 28 Mei 2002 kamati ya watu watatu iliyoteuliwa na chama cha soka ikaruhusu kwa kura mbili dhidi ya moja. Kamati iliandika kwamba kuifufua klabu upya kutoka chini hakukuwa na maslahi kwa soka kwa ujumla. Wiki chache baadaye mashabiki walifanya kitu hichohicho. Waliandikisha AFC Wimbledon, wakaita majaribio ya wachezaji kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon Common, na zaidi ya watu 200 wakajitokeza. Msimu huo timu ya daraja la tisa iliingiza kwa wastani zaidi ya watu 3,000, wakati ile iliyobaki Selhurst Park ikisubiri kuhama ilicheza mechi moja ya ligi mbele ya watu wasiofika 1,000.

Sasa tuchague. Wachezaji si kigezo, maana mwaka 2002 hakuna shujaa wa 1988 aliyekuwa bado uwanjani kwa upande wowote, na hata wangekuwapo isingetosha. Manchester United walipopoteza wachezaji wanane katika ajali ya ndege ya Munich tarehe 6 Februari 1958, walicheza na Sheffield Wednesday siku 13 baadaye, na kijarida cha mechi kiliacha nafasi 11 tupu mahali pa majina ya kikosi chao, kwa kuwa hakuna aliyejua nani angecheza. Klabu ilikuwa na nafasi tupu, na bado ilikuwa klabu ileile. Bobby Charlton na Bill Foulkes, walionusurika Munich, waliponyanyua Kombe la Ulaya mwaka 1968, hakuna aliyedhani kombe lile lilikuwa la watu wapya wasiohusika na marehemu. Jina nalo si kigezo: Manchester United hao walikuwa Newton Heath hadi 1902, na wasomaji wa Dar es Salaam wanajua kwamba Simba iliitwa Sunderland hadi 1971 bila Mwanasimba yeyote kuhesabu historia yake kuanzia mwaka huo. Inabaki sheria, yaani kampuni na nafasi katika ligi. Hapa ndipo Milton Keynes walipokuwa na hoja, lakini hoja yenyewe ina ufa. Kampuni ya zamani iliwekwa chini ya msimamizi wa madeni mwaka 2003, na mwaka 2004 nafasi ya ligi ikahamishiwa kampuni nyingine yenye jina jingine. Anayesema sheria pekee ndiyo roho ya klabu itabidi akubali kwamba roho hiyo ilipitishwa mkononi mwa mfilisi kama samani za ofisi.

Mtu anaweza kukimbilia kwa John Locke, aliyefundisha kwamba kinachomfanya mtu kuwa yuleyule wa jana ni fahamu yake inayofika mpaka jana. Klabu basi ingekuwa kumbukumbu ya wanaoipenda. Nakubaliana naye nusu ya njia. Kumbukumbu peke yake ni nyepesi mno. Mwanahistoria wa Norway anaweza kulikumbuka bao la Sanchez kwa undani kuliko mzee wa Wimbledon, na bao halitakuwa lake. Kinachotofautisha ni dhamana. Mzee yule alirithi pamoja na bao hilo aibu ya kushuka daraja, deni, kazi ya kuuza tiketi, na wajibu wa kumkabidhi mwanawe kitu ambacho yeye mwenyewe hakukianzisha. Watu wa pwani wana taasisi inayoeleza jambo hili vizuri kuliko sheria ya makampuni: wakfu. Aliyeweka wakfu kisima au shamba amelitoa kwa kusudi na kwa watu fulani, wakiwemo ambao hawajazaliwa. Msimamizi anaweza kulitunza, kulikarabati, hata kubadilisha namna ya kuliendesha, lakini hana ruhusa ya kuliuza akasema sasa ni lake. Ni kweli kwamba hakuna aliyekaa mwaka 1889 akatamka nia ya wakfu juu ya timu ya mpira. Lakini wanaotoa jasho na fedha zao kwa kitu bila kutarajia gawio, kizazi baada ya kizazi, wametamka kwa vitendo. Mwenye hisa amenunua haki ya kusimamia. Hakuuziwa marehemu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Arsenal. Klabu hiyo iliasisiwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini ya mto Thames, na mwaka 1913 mwenyekiti wake Henry Norris akaihamishia Highbury, kaskazini, kwa sababu za pesa kabisa. Watu wa Woolwich hawakuombwa ridhaa. Ikiwa Milton Keynes ni wizi, kwa nini Arsenal isiwe? Baadhi ya watetezi wa Wimbledon hujibu kwa kutaja umbali, kwamba Highbury ilikuwa safari ya tramu na Milton Keynes ni mji mwingine kabisa. Jibu hilo lina uzito kidogo tu, kwani hakuna anayeweza kusema klabu hufia kilomita ya ngapi. Jibu langu ni gumu zaidi kulimeza: mwaka 1913 kulikuwa na dhuluma, ila hakuna aliyeziokota mbao. Mashabiki wengine walivuka mto na timu, wengine wakaacha, na hakuna kundi lililobaki Woolwich likaibeba dhamana ya Arsenal kama kitu kinachoendelea. Dhamana ilihama kwa shida, lakini ilihama. Wimbledon ilibaki nyumbani, na aliyehama ni mwenye karatasi.

Mwanafalsafa atanishika hapo. Inawezekanaje jahazi hili liwe au lisiwe la Theseus kwa kutegemea iwapo jingine limeundwa mahali pengine? Kitu kiwe ni kilekile kwa hali yake chenyewe, si kwa kukosa mshindani. Kwa mti au mwamba nadhani yuko sahihi. Lakini klabu ni katika vitu vilivyopo kwa sababu watu wanavishika, kama kiti cha ufalme au umoja wa taifa, na kwa vitu vya aina hiyo mshindani ni sehemu ya habari. Wafalme wawili wakidai kiti kimoja, hatuwezi kumchunguza mmoja peke yake chumbani tukajua nani mrithi. Tunaangalia nani wanaoishi chini ya kiti hicho wanamtambua. Na sidhani hii inawapa mashabiki ruhusa ya kujitangazia lolote. Mwaka 2005, familia ya Glazer iliponunua Manchester United, mashabiki wenye hasira walianzisha FC United of Manchester, timu yao wenyewe. Hawakudai Kombe la Ulaya la 1968, na wangelidai wangechekwa, kwa sababu umma mkubwa uliobeba dhamana ulibaki Old Trafford, ukimchukia mmiliki na bado ukilijaza jukwaa. Hasira haihamishi urithi. Unahama pale mwili mzima wa warithi unapohama nao.

Waliotetea uhamisho walisema pia kwamba bila Milton Keynes klabu ingekufa, na kwamba kuhama ni afadhali kuliko kufa. Hoja hii inakosea kuhusu kifo. Accrington Stanley walijitoa kwenye ligi mwaka 1962 kwa sababu ya madeni, wakaanza upya mwaka 1968, na mwaka 2006 wakarudi. Hakuna anayewaita matapeli. Klabu inaweza kupita kwenye kifo ikabaki yenyewe, mradi wapo wanaoingoja. Kuuzwa ni jambo jingine.

Kuna watoto wa Milton Keynes pia, ambao hawakuhudhuria kikao chochote cha kamati. Walikuwa uwanjani timu yao ilipoipiga Manchester United 4-0 kwenye Kombe la Ligi mwaka 2014. Walimwona kiungo Dele Alli akikua mbele ya macho yao. Hiyo ni klabu, na mapenzi yao ni halali. Nayo ilikuja kukiri mipaka yake: kwa makubaliano ya 2006, ilikubali kuacha kuihesabu historia ya Wimbledon kuwa yake, na mwaka 2007 kumbukumbu na nakala za makombe, la 1988 likiwemo, zikakabidhiwa halmashauri ya Merton, ambamo Wimbledon imo. Historia wanayoihesabu leo inaanza 2004. Wapo mashabiki wa Wimbledon wasiotaka hata kulitamka jina la klabu ile. Binafsi naona uungwana wa 2007 unastahili heshima zaidi kuliko wanayoupa.

AFC Wimbledon walirudi kwenye ligi mwaka 2011, miaka tisa baada ya majaribio ya Wimbledon Common, kwa kuifunga Luton kwa penalti. Dickie Guy, kipa wa 1975, akawa rais wao. Mwaka 2020, kwa gharama ambazo sehemu yake ilitoka kwa mashabiki walioikopesha klabu, walifungua uwanja mpya Plough Lane, karibu na pale ulipokuwa wa zamani. Kombe ni lao. Sheria ya Uingereza imechelewa kufika pale walipokuwa wamefika: tangu Sheria ya Uendeshaji wa Soka ya 2025, mmiliki hawezi tena kuihamisha klabu kutoka uwanja wake wa nyumbani bila idhini ya mdhibiti huru. Imepitishwa miaka 23 baada ya kura ile ya wawili dhidi ya mmoja.