Je, Soya Ikiitwa Nyama, Tumedanganywa?

Hapa kambini vipande vya soya vina majina mengi. Dukani ni "soya" tu. Nyumbani vinakuwa "nyama ya soya". Vijana wenye utani wao wanaviita "nyama isiyokimbia". Mimi nafanya kazi na vijana, na katika kikundi chetu cha upishi mmoja wao aliuliza: "Kaka, kama si nyama, kwa nini tunaiita nyama? Si tunajidanganya?" Wenzake walicheka. Lakini nadhani swali lake linastahili jibu, kwa sababu ndani yake kuna swali lingine zito zaidi.

Tulikuwa tunapika kwa namna ya Jamaika inayoitwa jerk, ambayo kijana mwingine aliiona kwenye simu. Unaloweka soya kwenye maji ya moto yenye chumvi, kama robo saa, mpaka vipande vilainike. Unavikamua vizuri, maana maji yakibaki ndani viungo havina pa kuingia. Halafu unatwanga pilipili mbuzi, kitunguu saumu, tangawizi na majani ya vitunguu, unaongeza ndimu, pilipili manga na sukari kidogo. Wajamaika wanatia pia pimento, punje za mti unaoota kwao. Sisi hatuna, ila harufu yake inakaribiana na karafuu, mdalasini na kungumanga vikichanganywa, basi tukachanganya. Unaacha vikae saa nzima au zaidi, kisha unakaanga mpaka kingo ziungue kidogo. Inauma mpaka masikio yanasikia joto, na ni tamu.

Sasa, je, ni uongo? Mimi nasema uongo unahitaji mtu asiyejua. Nikimpa mgeni soya nikamwambia ni mbuzi, hapo nimemdanganya. Lakini pale jikoni wote tulijua kilichomo sufuriani. Tunasema pia "nyama ya tunda", na hakuna aliyewahi kulishtaki embe. Jina linaweza kueleza jinsi kitu kinavyotafunwa, au nafasi yake pembeni ya bugali. Kwa hiyo jina lenyewe halinisumbui. Kinachonisumbua ni hiki: nani aliamua kwamba leo hakuna nyama?

Hapo Jamaika yenyewe inaweza kutusaidia. Mwaka 1655 Waingereza waliwanyang'anya Wahispania kisiwa kile. Wakati huo na baadaye, Waafrika waliofanywa watumwa walitorokea milimani, wakaitwa Maroons. Huko waliwinda nguruwe pori, wakaipaka nyama viungo na kuikausha kwa moto wa taratibu, ujuzi ambao kwa sehemu ulitoka kwa Wataino, wenyeji wa kisiwa. Nyama ya namna hiyo haiozi haraka, na mtu anayewindwa anahitaji chakula cha kubeba. Kumbe jerk ilianza kama chakula cha watu waliokimbia! Mwaka 1739 Waingereza, baada ya kushindwa kuwamaliza, waliwekeana nao mkataba.

Huku chini kwenye mashamba ya miwa, waliobaki utumwani walikuwa wanapewa mgao. Sehemu ya mgao huo ilikuwa samaki wa chumvi aliyeletwa kwa meli kutoka Amerika Kaskazini, wa aina ambayo sisi Wakongo tunaita makayabu. Leo samaki huyo akipikwa na tunda la ackee ndiye chakula cha taifa cha Jamaika.

Halafu, kuanzia miaka ya 1930, wakatokea Warasta. Wengi wao wanafuata chakula kinachoitwa ital: mboga, maharage, viazi, nazi. Nyama wanaikataa, na wengine hata chumvi wanaikataa. Kwao kula hivyo ni kuishi karibu na uhai, bila mtu mwingine kuwapangia kinachoingia mwilini.

Kisiwa kimoja, sahani tatu. Mmoja alikula nyama kwa kuitafuta mwenyewe porini. Mwingine alipewa kitu bila kuulizwa, lakini yeye na wanawe wakakipika mpaka kikawa fahari. Wa tatu aliiacha nyama kwa hiari. Sifananishi msaada wa chakula na utumwa, ni vitu tofauti kabisa. Ninachokiona ni kwamba heshima ya sahani haipimwi kwa nyama iliyomo. Inapimwa kwa kuangalia nani alikuwa na sauti juu ya sahani ile.

Nilipoeleza haya kwa watu wazima, mama mmoja jirani alinijibu: "Mwanangu, hayo ni mazuri, lakini msitufundishie watoto kusahau nyama." Maneno yake yalinikaa. Siku ile ya upishi mfanyakazi mmoja wa shirika alikula nasi. Yeye hali nyama kwa kupenda kwake, ni msimamo wake juu ya wanyama, na ninamheshimu. Alichota kwenye sufuria ileile tuliyochota sisi. Lakini yeye jioni akibadili mawazo, anaweza kununua kuku. Yule mama hawezi. Soya ni moja, pilipili ni moja, ila kwa mmoja ni uamuzi na kwa mwingine ni ukuta.

Mtu anaweza kunipinga: basi unataka kusema chakula cha maskini hakina heshima, kwa kuwa hakuchagua? Hapana. Wahenga walisema ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Hawakumcheka anayenyonya, walijua njaa inavyosukuma. Na hata ndani ya ukuta kuna nafasi ya kuchagua: pilipili ngapi, nani aitwe kula, chakula kiitwe jina gani. Mama zetu wameishi katika nafasi hiyo miaka mingi, na imetulea. Ni nafasi ndogo, lakini ni ya kweli. Kosa ni kuiona nafasi hiyo ndogo ukaiita uhuru kamili.

Ndiyo maana nawaambia ndugu zetu wa mashirika wanaosoma ukurasa huu: mkiona tumepika soya ikanukia mtaa mzima, tusifuni, na kuleni nasi. Lakini msiandike kwenye ripoti kwamba tunaendelea vizuri na mgao unaweza kupungua tena. Kuweza si kutosheka. Mtu anayejua kushona nguo yenye kiraka bado anahitaji nguo.

Na kwenu vijana wenzangu: mpikeni huyo "mnyama asiyekimbia" bila aibu, mtie pilipili mpaka mtoe machozi. Mkitaka kuacha nyama kabisa kama Warasta, acheni. Mkiitamani, semeni mnaitamani, hiyo si dhambi wala ukosefu wa shukrani. Iiteni soya jina lolote mnalopenda. Uongo utaanza siku mtu mwingine atakapotuambia kwamba hicho tulichokosa, sisi wenyewe tulikikataa.