Mwalimu Asiye na Mshahara: Je, Kijiji Kina Deni Kwake?

Kaskazini ya Kolwezi, mto Lualaba unapita kati ya vilima vya mawe, na mahali pale panaitwa Nzilo. Katika miaka ya 1950 ukuta mkubwa ulijengwa kuzuia mto, yakakusanyika maji mengi, likawa ziwa. Nguvu za maji hayo hugeuzwa kuwa umeme, nao umeme hupita katika nyaya kwenda kwenye machimbo ya shaba. Kando ya ziwa wako watu wanaovua samaki, wanaolima mahindi na muhogo, wanaochoma makala. Watoto wao wanahitaji kusoma kama watoto wa mjini. Lakini ni nani atakayewafundisha, na atakula nini?

Katika shule nyingi za vijiji vya Kongo wako walimu wa namna mbili. Wa kwanza ameandikwa katika orodha ya serikali na hupokea mshahara. Wa pili hajaandikwa. Wote wawili hushika chaki ileile, na watoto wa darasa la huyu ni wengi kama wa yule. Huyu wa pili aliitwa kwa sababu watoto walizidi na mwalimu hakuwapo. Akakubali, akisema, “Nitasaidia mpaka jina langu liandikwe.” Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili, na wa tatu. Jioni mkewe humwuliza watakula bukari kwa mboga gani. Vijana wa rika lake wamekwenda kuchimba madini kwa mikono. Wengine hurudi na pikipiki. Wengine hawarudi kabisa, maana udongo huporomoka juu yao.

Juu ya mwalimu huyu watu husema maneno matatu. Wa kwanza husema, “Ni mjinga.” Wa pili husema, “Ni mtu mwema, thawabu yake iko mbinguni.” Wa tatu husema, “Anajitolea tu, basi asiulizwe akichelewa.” Yafaa kuyapima maneno hayo moja moja.

Neno la kwanza ni la uongo. Mjinga ni mtu asiyejua thamani ya kitu, bali mwalimu huyu anaijua. Mtoto aliyejifunza hesabu hatadanganywa upesi mbele ya mizani ya mnunuzi wa madini. Msichana aliyejifunza kusoma atajua maandishi yaliyo juu ya chupa ya dawa ya mtoto wake. Tena, Wamisionari Wabenedikto walifika Katanga mwaka 1910, na shule za vijijini za siku zile zilisimama juu ya mabega ya makatekista, watu wenye mali kidogo sana. Wengi waliojua kusoma katika vijiji walijifunza kwa watu wa namna hiyo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Mwenye moyo huo si mjinga.

Neno la pili ni gumu zaidi, kwa maana nusu yake ni kweli. Mungu humtuza mtu mwema. Lakini je, malipo ya Mungu yanafuta deni la wanadamu? Mtume Paulo alipokuwa Korinto alishona mahema pamoja na Akila na Priska, akala kwa kazi ya mikono yake. Hata hivyo aliwaandikia Wakorinto waziwazi kwamba alikuwa na haki ya kutunzwa nao, ila alipenda kutoitumia. Hapo ndipo penye fundisho. Paulo aliiacha haki yake mwenyewe, Wakorinto hawakumnyang'anya. Mwenye haki anaweza kuiacha. Mtu mwingine hawezi kuiacha kwa niaba yake. Anayetoa shati lake ametoa zawadi. Anayevuliwa shati, kisha akasifiwa kwa ukarimu, ameibiwa.

Papa Leo XIII alifundisha jambo hilo mwaka 1891 katika waraka wake juu ya wafanyakazi. Alisema kwamba mtu akikubali ujira usiotosha kwa sababu ya shida au hofu, kukubali kwake si kwa hiari, ametendewa jeuri. Basi, kijana aliyejitolea mwaka mmoja kwa moyo wake, na miaka mitano kwa sababu kila mwaka aliahidiwa kuandikwa, hakujitolea miaka sita. Mwaka mmoja alitoa. Miaka mitano anadai.

Hapa wengine hujibu, “Lakini sheria inasema shule ni bure.” Ndivyo ilivyo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 iliandika kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni bure, na tangu mwezi wa tisa wa mwaka 2019 serikali ilianza kulitimiza neno hilo. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1990, wazazi ndio waliowalipa walimu kwa michango yao. Kufutwa kwa michango kulikuwa jambo jema kwa watoto wa maskini. Lakini bure kwa mtoto si bure kwa mwalimu. Shule ilifanywa bure kwa mzazi kwa sababu serikali ilichukua mzigo wa kumlipa mwalimu. Ambaye hakuandikwa aliachwa katikati: wazazi wameacha kutoa, na serikali haijaanza.

Neno la tatu ni hatari, kwa maana mara nyingine mwalimu mwenyewe hulisema. “Sina mshahara, basi nikija nimekuja, nisipokuja nisiulizwe.” Tufikiri mtu mwenye mtumbwi ziwani. Watu wanamwomba awavushe bure. Akiwa ufukoni anaweza kukataa, wala hana kosa. Lakini akikubali, watu wakapanda, hawezi kuacha kafi katikati ya maji na kusema, “Sikulipwa.” Ahadi imekuwa deni. Watoto ndio abiria, na si wao waliomnyima mshahara. Kwa hiyo mwalimu akishindwa kuendelea, ana ruhusa ya kuondoka, bali kwa adabu: aseme mapema, afike mwisho wa mwaka wa masomo, ndipo ashuke ufukoni. Na waliompandisha mtumbwini wasimwache azimie kwa njaa kabla hajafika.

Basi, deni ni la nani? Kwanza ni la serikali, ambayo imeahidi. Pili ni la wakubwa wa shule. Kwa mapatano ya mwaka 1977 Kanisa husimamia shule zake na serikali hulipa walimu. Kwa hiyo anayemwita kijana kufundisha apeleke karatasi zake, aziulizie tena na tena, na amwambie kweli hata kama kweli hiyo ni chungu. Tatu ni la kijiji. Kijiji hakiwezi kumpa mshahara, wala hairuhusiwi kumfukuza mtoto kwa kuwa baba yake hakuleta kitu. Lakini watu wazima wanaweza kumlimia mwalimu shamba, kumwezekea nyumba, kumpelekea unga na samaki, nao wachague wazee wa kwenda ofisini Kolwezi kuuliza jina lake liko wapi.

Hata ziwa la Nzilo hugeuza mitambo kwa sababu mito huendelea kuliletea maji. Mito ikikauka, mitambo itasimama, ingawa ukuta ni imara. Moyo wa mwalimu ni vivyo hivyo.

Mvua za kwanza hunyesha mwezi wa kumi, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa. Ni majira ya kila mtu kushika jembe katika shamba lake. Mwalimu yuko darasani na watoto wa wenzake, na shamba lake bado ni nyasi. Siku moja ya Jumamosi, majembe ishirini, yatosha kuanza kulipa.