Deni la Sufu

Ndugu msomaji, wewe unayesoma ukurasa huu ndani ya matatu huku umejikunyata kwenye sweta, hebu nikuulize: hilo joto umemlipa nani? Najua utasema ulilipa Gikomba, tena baada ya kubembeleza bei hadi mate yakakauka. Lakini mimi sikuulizi habari za Gikomba.

Nimelelewa Kinangop kwa shosho, mahali ambapo mwezi wa Julai unaamka ukakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa sakitu. Shosho alikuwa na kondoo wa sufu kumi na mmoja, wale wa Corriedale, mbegu iliyotoka New Zealand, na sungura sita wa angora. (Usiwachanganye na mbuzi wa angora. Wote wawili wameitwa kwa jina la zamani la mji wa Ankara, Uturuki, lakini mbuzi ndiye mwenye moheri.)

Mwaka wetu ulikwenda kwa manyoya. Januari na Februari, jua likiwa kali, ni kunyoa kondoo. Masika ni matope na kwato kuoza, kila jioni unainua miguu ya kondoo mmoja mmoja na kuikagua. Juni hadi Agosti ni baridi, na hapo kondoo haguswi. Tulikaa jikoni kando ya moto tukiichana sufu kwa brashi za waya na kusokota uzi. Sungura wao walikuwa na saa yao. Kila miezi mitatu hivi manyoya yao huachia yenyewe. Usipowachana mara kwa mara manyoya hugandamana, au sungura huyalamba na kuyameza hata tumbo likaziba, maana sungura hawezi kutapika.

Shosho alinifundisha kumpakata sungura na kumng'oa manyoya kwa vidole. Siku zikiwa zimetimia, manyoya yanakuja yenyewe, sungura anasinzia mapajani kama mtoto aliyeshiba. Siku zikiwa hazijatimia, ukivuta, analia. Nani alikuwa anajua sungura ana sauti? Mwaka 2013 dunia nzima iliisikia, pale video iliyopigwa China ilipoonyesha sungura wa angora waking'olewa manyoya kwa nguvu huku wakipiga kelele, na maduka makubwa ya Ulaya yakaacha kununua. Sasa ona ajabu hii: mkono ni uleule, vidole ni vilevile, sungura ni yuleyule. Kilichotofautisha wema na ukatili ni majuma machache tu.

Nilidhani nimelielewa somo hilo. Ikaja 2018, nikiwa kidato cha nne. Mwanzo wa mwaka huo shosho alikuwa mgonjwa, kunyoa kukapita. Alipopona alisema tungoje Septemba, baridi ikishatoka. Lakini mwezi wa Juni shule ilinirudisha nyumbani kwa sababu ya karo. Nilikaa siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu nikamwambia, "Shosho, sufu iko pale imesimama kwa miguu minne, na mimi nakaa nyumbani."

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda kunoa makasi.

Tuliwanyoa wote kwa siku mbili. Usiku wa tatu ikanyesha mvua ya upepo, ile inayokuja kwa ubavu. Zizi letu lilikuwa na mabati upande mmoja tu. Tuliwafunga magunia, tukawaingiza wachanga jikoni, tukaacha wakubwa tukiamini wangejikinga kwa kusongamana. Asubuhi watatu walikuwa wamekauka, mmoja wao ana mimba.

Fedha za sufu hazikufika nusu ya deni, ila shule ilinipokea. Nilipata C. Sio C ya kuongeza, ni C tu.

Nimewahi kumsimulia rafiki yangu mmoja wa Githurai, msomaji sana wa vitabu, akanijibu haraka: basi tuwaache wanyama wote, tusichukue hata unywele. Jibu hilo linapendeza mdomoni, ila yeye hajawahi kuona kondoo wa sufu ambaye hajanyolewa. Kondoo huyu hapukutishi sufu kama ndege anavyopukutisha manyoya. Inaongezeka tu, inashika maji na kinyesi, inakuwa mzigo, hata akianguka kuinuka ni kazi. Sisi ndio tuliomzalisha hivyo, vizazi na vizazi. Huko Peru yuko vikunya, mnyama wa porini ambaye ndiye asili ya alpaka. Watu wa milimani huwazingira, wakawanyoa, wakawaachilia warudi zao. Vikunya anaweza kuishi bila makasi yetu, kondoo wa shosho hawezi. Kwa hiyo kumwacha nako ni kumdhulumu.

Wengine wananiambia mnyama ni mnyama, karo ni karo. Wahenga wamesema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kondoo haki yake ilikuwa Septemba. Mimi nilikuwa na shida ya kweli, sikuibia anasa, na bado naona nilikopa kwa mtu asiyeweza kukataa, nikamwachia yeye riba. Je, shida inafuta dhuluma, au inaieleza tu? Nikiwa njaani naelekea la kwanza. Nikishiba naelekea la pili, na hilo nalo linanitia shaka juu ya tumbo langu.

Shosho sijawahi kumsikia akinilaumu. Mara moja tu nilimuuliza kama tulikosea. Alikuwa anasokota, hakuinua kichwa. "Ulitaka kusoma," akasema. Kisha akaniomba nimwongezee kuni.

Sufu kidogo ya wale watatu hakuiuza. Aliifuma sweta akanipa nilipokuwa nashuka Nairobi. Ninayo hapa ninapoandika. Ikinyeshewa inatoa harufu ya kondoo, na wenzangu kwenye matatu wanafungua dirisha.